Mchagua jembe si mkulima: siundi kompyuta ya pili

Haya, nimeamua. Siundi.

Kwa miezi mitano nimekuwa na faili la hesabu lenye orodha ya vipuri: ubao mama wa Mini-ITX, kichakataji kisichokula stima nyingi, RAM, SSD, na kasha dogo la kukaa pembeni mwa meza kama redio. Kompyuta ya pili, ndogo, ya "kazi za ubunifu" tu. Ile kubwa ibaki na kazi za wateja. Kila Jumamosi nafungua faili, nabadilisha kipuri kimoja, nalifunga. Basi, wikendi imekwisha!

Ndugu msomaji, kama nawe una faili kama hilo, keti nikwambie ukweli ambao mimi mwenyewe sikutaka kuusikia.

Nina saa tisa za sauti ya nyanya yangu. Nilimrekodi nyumbani kwake Wundanyi, kule Taita, akisimulia ngano kwa Kidawida, na katikati akichomeka habari za ujana wake. Ana miaka 84. Nilimwahidi nitazisafisha, nitoe kikohozi na jogoo wa jirani, kisha nimpelekee asikilize. Kila nikimpigia simu ananiuliza, "Mjukuu wangu, zile hadithi zimefika wapi?" Namjibu kwamba bado natafuta mashine. Mashine gani, nami ninayo moja hapa mbele yangu?

Tufanye hesabu. Sauti ya mkondo mmoja, sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 24, ni baiti 144,000 kwa sekunde. Kwa saa moja ni kama MB 518. Saa zote tisa hazifiki GB 5! Audacity, programu huria iliyotoka mwaka 2000, inaikata sauti hiyo kwenye kompyuta yoyote ya kawaida bila kutoa jasho. Hesabu hii haihitaji shahada ya sayansi ya kompyuta. Ninayo hiyo shahada, na bado nilikaa miezi mitano bila kuipiga.

Wapenzi wa kompyuta ndogo wana hoja tatu. Nazijua vizuri kwa sababu nimezitumia zote.

Ya kwanza ni kelele. Eti ndogo ni kimya. Si lazima! Feni ndogo hulazimika kuzunguka kasi zaidi ili isukume hewa ileile, na mlio wake huwa mwembamba, ule wa kukera kwenye maikrofoni. Ukitaka utulivu, rekodi mbali na kompyuta kwa kinasa sauti. Ukija kuhariri, vaa visikizi. Na ile kubwa, ifungue uitoe vumbi. Utashangaa.

Ya pili ni usumbufu. Eti kwenye mashine ya kazi kuna barua pepe za wateja na ujumbe usiokwisha. Kweli. Lakini dawa yake ni kufungua akaunti nyingine kwenye mashine hiyohiyo. Mimi nimeifungua kwa dakika tano, na sikulipa hata shilingi. Nimeiita "nyanya". Ndani yake kuna Audacity na folda moja, basi. Asiyeweza kujizuia kwenye akaunti mpya hatajizuia kwenye kompyuta mpya. Intaneti ataiunganisha huko pia.

Ya tatu ni bei. Eti ndogo ni rahisi. Ubao wa Mini-ITX una sentimita 17 kwa 17, kwa kawaida na nafasi mbili za RAM na moja ya kadi ya ziada. Ukibana vitu hivyo unalipia kule kubana: makasha na pawa saplai ndogo mara nyingi huuzwa ghali kuliko za kawaida. Isitoshe, mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa duniani kote kwa sababu ya vituo vya data vya akili bandia. Hata ukishuka Luthuli Avenue ukapata kimashine cha ofisi cha mtumba, bado umetoa pesa kuongezea mashine ambayo haijashindwa na kazi.

Sikatai kwamba wako wanaoihitaji. Kama kompyuta unayotumia ni ya mwajiri, usiweke kazi zako binafsi humo; tafuta yako, hata iwe kuukuu. Kama unapiga muziki jukwaani, beba ndogo. Sisi wengine tunakwepa kazi, na tunakuita kukwepa huko "maandalizi".

Kilichonizindua si hekima. Usiku mmoja kompyuta iligoma kuwaka. Ilikuwa kebo tu imelegea, lakini kwa dakika ishirini nilikaa gizani nikijua kwamba sauti ya nyanya iko kwenye diski moja tu. Miezi mitano nimelinganisha vichakataji, na sikuwa na nakala hata moja ya akiba! Nyanya anaweza kusimulia tena, lakini hatasimulia vilevile, na sijui atasimulia hadi lini.

Pesa za kasha zimenunua diski mbili za nje. Moja iko kwangu, nyingine iko kwa dada yangu Mombasa. Faili la vipuri nimelifuta. Jana usiku nimemaliza hadithi ya kwanza, dakika kumi na moja. Nitaitia kwenye kadi ya memori ili aisikilize kwenye kile kiredio chake. Jogoo nimemwacha, maana anaingia pale pale ambapo hadithi inamhitaji.

Wanaopinga, karibuni. Lakini kabla hujanionyesha orodha yako ya vipuri, nionyeshe kazi uliyomaliza.