Ubao Si Dawa

Nitasema jambo moja kuhusu skeitibodi hapa Mombasa, na nitalisema kwa ukali, manake kwa upole limeshasemwa sana na watu waliovaa fulana za miradi. Ubao si dawa. Hautibu unga, hautibu ukosefu wa kazi, haumzuii mtu kuingia kwenye genge akitaka kuingia. Ni tabaka saba za mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, traki mbili za chuma, magurudumu manne na beringi nane. Unapanda, unaanguka, unapanda tena. Siku moja mguu unashika, ubao unaruka nawe, na kwa nusu sekunde huna deni na mtu. Hiyo ndiyo faida yake yote, na mimi yanitosha.

Lakini hebu jaribu kuupata. Kwenye maduka ya michezo mjini utakuta mipira, jezi na filimbi. Ubao ukiwepo ni wa plastiki, wa mtoto wa miaka sita, ukirukia ngazi mbili umepasuka. Ule wa kweli huja na mgeni, au na jamaa anayerudi kutoka Ulaya au Ghuba, au na shirika. Na shirika huja na fomu.

Fomu niliyopewa mimi (shirika silitaji, laweza kuwa lolote kati ya mengi) ilikuwa na kurasa nne. Swali la skeiti lilikuwa moja: unajua au hujui. Mengine yote yalitaka kujua nina kasoro gani. Nimewahi kutumia mihadarati? Kuna mtu wa nyumbani aliyewahi kufungwa? Nimewahi kushawishiwa kujiunga na kundi la itikadi kali? Kwenye elimu nikaandika ukweli, kwamba niliacha chuo kikuu mwaka wa pili. Dada aliyekuwa akikusanya fomu akatabasamu, akasema, "Hii ni stori nzuri sana, tutaitumia." Chuo niliacha kwa sababu ya karo. Skeiti haikuhusika, wala haijaniokoa na chochote. Lakini kwenye ripoti yao nilishaanza kuokolewa kabla sijashika ubao.

Ili kijana wa Mji wa Kale apewe kitu cha kuchezea, sharti kwanza akubali kuitwa mgonjwa. Ukisoma maandiko ya miradi utadhani kisiwa kizima ni wodi na sisi sote tumelala chali tukingoja mzunguko wa daktari. Sikatai kwamba unga upo. Upo, na umechukua watu niliocheza nao gololi. Hao wanahitaji methadoni, kazi, na familia isiyowaficha chumba cha uani. Kumkabidhi teja ubao kisha kumpiga picha akicheka ni kumdhihaki yeye, na ubao pia.

Skeiti iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Kwenye mtindo wa mtaani upande wa wanawake, dhahabu ilikwenda kwa Momiji Nishiya wa Japani na fedha kwa Rayssa Leal wa Brazil, wote wawili wakiwa na miaka 13. Sikusikia mtu akiwauliza ubao umewaepusha na nini. Sisi mbona hatuwezi tu kuwa watu wanaopenda kuruka?

Kuna beshte yangu huniambia naringa. "Wewe endelea na falsafa, mimi nataka traki." Ana hoja. Uwanja wa Shangilia kule Kangemi, Nairobi, ulijengwa 2013 kwa msaada wa skate-aid, shirika la Ujerumani, na saruji ni saruji hata iwe imelipiwa na nani. Nikiamka kesho nikaukuta umemea pale Makadara sitaukataa. Nitakuwa wa kwanza kuanguka juu yake. Saruji naitaka. Ninachogombania ni kalamu.

Tazama Kitintale, Kampala. Katikati ya miaka ya 2000 Jackson Mubiru na wenzake walijenga rampu yao mtaani, kwa mikono yao, wakati sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haijui ubao ni kitu gani. Kisha akaja Yann Gross, mpigapicha wa Uswisi, akapiga picha nzuri, wallahi nzuri. Mimi mwenyewe Kitintale niliijua kwa picha zake, na sina kinyongo naye. Lakini nataka kujua vijana wale walikuwa wakitaniana nini mtu akianguka. Nani alidai ameuzungusha ubao hewani akatua, na hakuna shahidi? Mama wa nani alikasirika zaidi? Hayo huwezi kuyaona kwenye picha. Yanataka mwenyeji ayaandike, kwa Kiganda chake, akiwa na hasira zake na uongo wake.

Basi sisi hapa tunatoa kijarida. Karatasi moja ya A4, ukiikunja na kuichana mara moja katikati inakuwa kitabu cha kurasa nane; fotokopi shilingi tano, maneno kwa mkono, michoro kwa kalamu nyeusi. Ng'ambo hukiita zine. Jina hilo lilitushinda siku ya kwanza. Litamke kwa Kiswahili, ni "zini", halafu simama nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa umwambie mzee wa mtaa, "Assalaam alaykum mzee, chukua zini yetu." Tukabaki na kijarida.

Na anayesema huu ni uzungu nitamrudisha 1930. Mwaka huo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa Sahifa papa hapa Mombasa: karatasi ndogo ya Kiswahili, akiwakemea watu wake mwenyewe kwa kupuuza elimu na kwa kuiga Wazungu kwa upofu. Mwaka 1932 akafuatisha na Al-Islah. Makala za Sahifa zilikuja kukusanywa zikawa kitabu, Uwongozi. Hakungoja gazeti la serikali limwonee uchungu. Sidai angetupenda. Mtu aliyechukia kuiga angetutazama na suruali zetu pana akatutungia makala nzima, nasi tungeichapa ukurasa wa mbele. Nyanya zetu nao wamekuwa wakituma ujumbe kwa leso za Biashara Street tangu kabla hatujazaliwa, na jirani aliyelengwa aliusoma akaelewa. Mji huu haujawahi kukosa watu wa kujichapia.

Kijarida chenyewe kinajaa mambo ambayo hakuna fomu iliyowahi kuyauliza. Chumvi, kwa mfano. Ukiishi kisiwani hewa inakula beringi; ukiacha ubao uani mwezi mmoja wa mvua, magurudumu yanalia kama mlango wa banda. Beringi za skeiti ni saizi 608, milimita 22 kwa nje na tundu la 8, na saizi hiyo hiyo hutumika kwenye mota na mashine ndogo nyingi, kwa hivyo muulize fundi kabla hujamwandikia mjomba aliye Muscat. Zivue, zioshe kwa mafuta ya taa, zikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani, si matano. Raba ni za mtumba kutoka Kongowea, tafuta zenye ngozi ya manyoya. Zikitoboka pembeni, fundi viatu ataziba kwa kipande cha tairi. Msasa mgumu wa seremala hushika mguu vizuri mpaka unyevu uuondoe gundi.

Halafu kabro. Vijia vya Mji wa Kale vimejaa kabro, na kabro ni adui. Gurudumu dogo gumu la 99A likipita juu yake meno yanagongana. Unahitaji kubwa na laini, la 78A, kama unataka kufika popote. Ukitaka sakafu ya kuteleza, toka huko uende Barabara ya Digo Jumapili alfajiri, maduka yakiwa yamefungwa na veranda ziko tupu. Ama ngoja Ramadhani. Baada ya tarawehe mji wote uko nje, watu wanakula viazi karai, hakuna anayekuuliza kwa nini hujalala, na mnaweza kuskeiti mpaka daku.

Mabaraza hatuyagusi. Hili tulibishana sana, manake video za ng'ambo zinakufundisha kwamba kila kiti cha mawe ni cha kusugulia traki. Baraza la chokaa na matumbawe likisuguliwa mara tatu ukingo wake umekwenda, na aliyelijenga hayupo tena kulirekebisha. Isitoshe lina wenyewe, wamekaa hapo na kahawa tangu alasiri. Kelele ni neno jingine. Mama mmoja wa mtaa wetu alitoka mlangoni akasema, "Wanangu, hilo dude lenu lamuamsha mtoto." Tukaomba radhi. Toleo la pili tuliandika saa za mtoto yule kulala, kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana, na mtaa wote ukacheka, yeye mwenyewe akachukua nakala tatu.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote aliuandika msichana anayeskeiti na buibui. Ni nusu ukurasa: upindo unabanwa wapi kwa pini, kitambaa gani kizito hakipeperuki kikaingia kwenye gurudumu, na ni pini ngapi mpaka uanze kutembea kama roboti. Wageni wawili wenye kamera wamemwomba picha. Kawakatalia wote. Kijaridani amejichora mwenyewe kuanzia magotini kwenda chini, pindo, raba na ubao, na chini yake kaandika bei ya pini.

Toleo la nne linatoka mwezi ujao. Litakuwa na ramani ya sakafu zote nzuri za kisiwani kwa alama tatu: laini, ya kuvumilia, na mlinzi mkali. Kama una ubao uliovunjika usiutupe. Chini yake tunachora, na traki zake kuna mtu anazingoja. Kama una mchoro, matusi ya staha au bei mpya ya beringi, leta, ukifika Mji wa Kale uliza maskani ya wenye mbao. Ukiwa na mradi, karibu pia. Fomu yako tutaichapa ukurasa wa saba, maswali yote kama ulivyoyaandika, na nafasi za majibu tutakuachia wewe ujaze.