Pete ya Mpira Iliyostaafisha Gari la Serikali

Gari ninalolifufua ni Mercedes-Benz 300D ya mwaka 1983, na ninajua fika jinsi sentensi hiyo inavyosikika ikitoka kinywani mwa mhadhiri wa siasa ya uchumi. Gari hili ndilo lililolipa tabaka zima jina lake. Wabenzi. Neno hilo limevuka mipaka, limeingia katika maandishi ya wataalamu wa ng'ambo wanaoichambua Afrika, na hapa kwetu halihitaji kufasiriwa. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu, kijana ninayemheshimu kwa ukali wa hoja zake, aliniuliza mbele ya darasa: "Mwalimu, asubuhi unatufundisha Azimio la Arusha, jioni unang'arisha gari la wanyonyaji?" Darasa lilicheka. Nami nilicheka, kisha nikarudi nyumbani nikiwa sina jibu. Makala haya ndiyo jibu, na nakiri kwamba yamechelewa.

Nililinunua Dodoma mwaka 2021, katika mnada wa magari chakavu ya ofisi moja ya umma. Walioshindana nami bei walitaka injini na rimu. Wengine walitaka chuma cha kuuza kwa kilo. Bodi lilikuwa zima, kwa kuwa hewa ya Dodoma ni kavu na kutu huko haina haraka. Injini yake, dizeli ya silinda tano ambayo mafundi wa rika la baba yangu huizungumzia kama mfugaji anavyomzungumzia ng'ombe wake wa maziwa, iliwaka siku ya pili baada ya kusafishwa tangi na kufungwa betri mpya. Nikajiuliza: kama injini ni nzima na bodi ni zima, gari hili liliuawa na nini?

Jibu lilikuwamo ndani ya kisanduku cha dashibodi. Lilikuwa daftari la safari. Kila mtumishi wa umma analijua: tarehe, aliyesafiri, alikokwenda, kilomita, mafuta, sahihi, na mwishoni safu nyembamba ya maelezo ya dereva. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa serikali kwa miaka 24, nami nilijifunza kusoma kwa kufuata kidole chake juu ya madaftari ya namna hiyo. Kwa hiyo nilikaa nikalisoma lote, neno kwa neno.

Machi 1999, mwandiko wa kalamu ya bluu: "Kiyoyozi hakipozi vizuri." Aprili: "Gesi inavuja. Naomba gari lipelekwe karakana." Juni: "Tumejaza gesi mtaani, imeisha baada ya wiki mbili." Agosti, maneno yaleyale. Kati ya Machi 1999 na Mei 2000 dereva yule, ambaye simjui na sitamtafuta jina, aliandika juu ya kiyoyozi mara 9. Gesi ilijazwa mara 3. Sahihi za wakubwa zimo kila ukurasa kwenye safu ya safari, lakini kwenye safu ya maelezo hakuna aliyegusa kalamu. Maandishi ya mwisho ni haya: "Bosi amepewa gari jipya. Hili linaegeshwa." Likaegeshwa miaka 21.

Nilipolifikisha Dar es Salaam, fundi wa viyoyozi aliujaza mfumo naitrojeni na kupaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Oringi, zile pete ndogo za mpira zinazoziba maungio, zilikuwa zimekakamaa zote kwa umri, hilo halikutushangaza. Ila moja, nyuma ya kompresa, ilikuwa imezungukwa na ukoko mnene wa mafuta ya zamani na vumbi. Gesi inapovuja hutoka na mafuta ya kompresa, na mafuta hayo huacha alama. Fundi aliikwangua kwa ukucha, akanionyesha. "Dokta, mgonjwa wako alikuwa anatokwa damu hapa." Oringi ile bei yake haifikii sahani ya chipsi mayai.

Nitaambiwa kwamba bosi yule alikuwa akitafuta kisingizio tu. Kwamba hata kiyoyozi kingetengenezwa, angelitaka shangingi hata hivyo. Huenda. Lakini hoja hiyo hainipunguzii kitu. Inathibitisha kwamba katika ofisi zetu kiraka kisipowekwa, tundu linakuwa mtaji. Ubovu mdogo usiotengenezwa ni hati ya ununuzi iliyokwisha kuandikwa nusu. Kununua kuna zabuni, kuna kikao chenye posho, kuna picha ya makabidhiano ya funguo, na pale pasipo na uaminifu kuna ile asilimia kumi isiyoandikwa popote. Oringi haina vitu hivyo. Sijawahi kuona mkubwa akikata utepe mbele ya oringi.

Tutazame pia hiyo "kujaza gesi", maana ndiyo tiba pekee iliyowahi kutolewa, na ndiyo inayotolewa hadi leo kando ya barabara zetu zote. Mfumo wa kiyoyozi cha gari ni mduara uliofungwa. Kompresa huigandamiza gesi, kondensa iliyoko mbele ya rejeta huipoza mpaka iwe kimiminika, valvu huiachia ghafla ndani ya dashibodi ambako huchemka na kunyonya joto la chumba, kisha hurudi kwenye kompresa. Gesi hailiwi kama dizeli. Ikipungua kiasi cha baridi kupotea, imetorokea mahali. Anayekuuzia gesi bila kutafuta tundu amekuuzia wiki mbili. Hili kila fundi mwenye uzoefu analijua, na ukimbana atakuambia kwamba mteja ndiye hataki kulipia saa tatu za kutafuta tundu. Anataka baridi sasa hivi. Ninamwamini.

Na wiki mbili zile zilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika daftari. Gesi ya magari ya enzi hizo ilikuwa R12. Ilipendwa kwa sababu haiwaki na haina sumu kali. Lakini ikifika juu kabisa angani, miale ya jua huivunja, na klorini yake huila ozoni, tabaka linalotukinga. Ndiyo iliyozaa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Nchi tajiri ziliacha kuizalisha kufikia 1996, nchi zetu zikapewa muda hadi 2010. Mbali na ozoni, kilo 1 ya R12 hupasha dunia joto, kwa kipimo cha miaka 100, sawa na zaidi ya tani 10 za hewa ukaa. Gari la aina hii hubeba takriban kilo moja. Tukichukulia kwamba mara zote tatu ilijazwa kamili, ofisi ile ilimwaga angani kitu cha zaidi ya tani 30. Ni sawasawa na kuliendesha gari hilohilo zaidi ya kilomita 100,000. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, gesi hizi zina kanuni zake, na bado katika gereji nyingi nilizopita mwaka huu mfumo hufunguliwa kwa spana, gesi ikalia "psss" mbele ya watu wote, na kazi ikaendelea.

Sasa nije kwenye uhalisia, jambo ambalo limewaudhi zaidi marafiki zangu. Ushauri niliopewa na watu wenye nia njema ulikuwa mmoja: ng'oa kila kitu, nenda Ilala katafute kiyoyozi cha Noah kilichotumika, kata pale, chomelea hapa, maisha yaendelee. Ni rahisi, na kingepoza. Nilikataa, na sehemu ya kukataa kwangu ni hisia, sioni haya kulisema: baba yangu alizungusha vitasa kama hivi kwa ajili ya wakubwa, na alipobaki peke yake alizima baridi na kushusha vioo, kwa kuwa alisema baridi ile haikuwa ya kwake.

Sehemu iliyobaki si hisia. Kiyoyozi cha asili cha gari hili kilibuniwa na watu waliotarajia kwamba siku moja kitafunguliwa. Maungio yake ni ya nati, na kila kipande kina namba. Kiwanda chake Ujerumani bado kinauza vipuri vingi vya gari hili, miaka 40 baada ya kuundwa. Ukikifungua unakisoma, ukichomelea cha Noah juu yake umefuta maandishi, na fundi atakayekuja baada yako atakuta kitendawili. Ninawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa wafikirie ni mifumo mingapi ya ofisi zao imechomelewa hivyo, kila mkuu mpya akileta cha kwake, hata hakuna anayekumbuka bomba lipi linapeleka nini.

Lakini uhalisia si kuabudu kila kilichokuwamo. Wapo wapenda magari ya kale huko ng'ambo wanaosaka mitungi ya R12 iliyobaki ili baridi iwe ile ile ya kiwandani. Mimi sikuitaka. Tulibakiza kompresa baada ya kuibadilishia sili, tukabakiza ivaporeta, mabomba ya chuma na vitasa vyote. Tulibadilisha oringi zote, chujio la kukaushia unyevu, na mafuta, kwa kuwa mafuta ya zamani hayapatani na gesi mpya. Tukavuta hewa yote kwa pampu, saa nzima, ili unyevu uchemke utoke. Ndipo tukaweka R134a. Haipozi kama R12 kwenye kondensa ile ya zamani, na mchana wa Februari katika foleni ya Ubungo unalitambua hilo. R134a haiigusi ozoni, ila kilo yake moja bado ni zaidi ya tani moja ya hewa ukaa, na ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 kukubaliana kuipunguza nayo. Kwa hiyo kutafuta tundu kabla ya kujaza kutakuwa na maana kubwa zaidi kesho kuliko leo, si ndogo.

Nani atayatafuta hayo matundu? Hapa nimwage maji kwenye mlango wangu mwenyewe. Nilimwalika nyumbani kijana wa mwaka wa nne wa uhandisi. Aliuchora mduara wa ubaridi kwenye karatasi bila kosa, na milinganyo yake yote. Nilipomwomba aiguse valvu ya upanuzi, alizunguka gari mara mbili. Aliyemwonyesha ni fundi wangu, mtu wa darasa la saba aliyeanza kwa kushika tochi akiwa na miaka 13, anayejua shinikizo la mfumo kwa kugusa bomba mbili kwa viganja. Kijana sikumlaumu, kwa sababu sisi ndio tuliompa alama za juu. Na fundi huyo hawezi kulipwa na ofisi yoyote ya serikali: hana zabuni, hana mashine ya EFD, hana cheti. Tumewatenga wanaojua, tukawapa shahada wasiogusa, kisha tunalalamika kwamba magari hayadumu.

Pingamizi moja nalikubali. Magari mapya ni salama zaidi. Langu halina mito ya hewa, na moshi wake wa dizeli si wa kujivunia. Sisemi watumishi wa umma warudishiwe magari ya 1983. Nasema hilo shangingi lililokuja badala yake nalo lina oringi, na lina dereva, na lina daftari.

Kwa kijana wangu wa mwaka wa tatu: Azimio la mwaka 1967 halikumkataza kiongozi gari. Lilimkataza mishahara miwili, hisa katika makampuni ya kibepari, na nyumba za kupangisha. Mnyonyaji wa daftari langu hakuwa gari. Alikuwa yule aliyetia sahihi safu ya safari mwaka mzima, akairuka safu ya dereva mara 9, halafu akamtumia bili mkulima wa Kongwa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba kwa nini anaandika maelezo ambayo hakuna anayeyajibu. Alisema anaandika ili siku wakiuliza, wasiseme dereva hakusema.

Katika ua wa ofisi ile, siku ya mnada, niliyahesabu magari mengine 7 yaliyokuwa hayajafikia zamu ya kuuzwa. Nimeandika barua mbili kuomba niruhusiwe kwenda na wanafunzi kuyasoma madaftari yake kabla hayajachomwa. Ya kwanza niliituma Agosti mwaka jana, ya pili Januari. Sijajibiwa.