Pikapu Yako Imevimbiwa

Mzee alisimamisha pikapu yake kuukuu ukingoni mwa korongo, akatutazama tukichimba mchanga kwa sufuria, kisha akauliza, "Vijana, mnahama?"

Hatukuwa tunahama. Tulikuwa watu watatu tuliotoka Rongai kwenda kulala usiku mmoja karibu na Magadi. Lakini ukiitazama pikapu ya rafiki yangu, swali la mzee lilikuwa la haki kabisa. Juu ya paa kulikuwa na keria, juu ya keria hema la kukunja. Mbele kulikuwa na winchi na bampa ya chuma ya kutishia treni. Nyuma kulikuwa na friji, droo za mbao na tanki la maji. Mzee alipunguza upepo kwenye tairi zake, akaingia korongoni na pikapu tupu, akavuka kama mtu anayeenda dukani kununua chumvi.

Wacha niseme ukweli: mkono wangu uko kwenye hii dhambi. Kwa miezi kadhaa nililipwa kuandika maneno ya kuuza hivyo vitu mtandaoni. Mimi ndiye niliyekuwa nakuambia kwamba gari bila bampa ya chuma ni kama mwanaume bila ndevu. Doo ilikuwa kidogo, uongo ulikuwa mwingi. Rafiki yangu alisoma, akachukua mkopo, akanunua.

Sasa tupige hesabu ambayo sikuwahi kuiandika kwenye matangazo. Pikapu ya dizeli ya milango minne, ikiwa tupu, ina uzito wa tani 2 hivi. Ongeza bampa ya mbele, kilo 60. Winchi na waya wake, 40. Keria, 40. Hema la paani, 60. Bampa ya nyuma yenye kishikio cha spea, 60. Tairi tano kubwa zaidi, kila moja ikiongeza kilo 10, hiyo ni 50. Friji na droo, 80. Maji lita 50, kilo 50. Vipimo vitatofautiana kidogo, lakini jumla yangu ni kilo 440, na bado hakuna mtu aliyepanda. Hao ni watu wazima sita waliokaa ndani ya gari lako na hawashuki kamwe, hata ukienda kununua mkate.

Injini haijaongezeka. Kama ina nguvu farasi 150, sasa inasukuma tani 2.44 badala ya 2. Ni sawa na kuacha gari likiwa jepesi halafu kubadilisha injini uweke ya nguvu farasi 123. Yaani mse amelipa pesa ndefu kununua injini dogo! Halafu anakuja kulalamika gari halina mvuto, anataka fundi amwongezee nguvu kwa kompyuta.

Na mvuto ndio shida ndogo. Siku ile, kabla ya korongo, tulikuwa tumeteremka kutoka Kona Baridi. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, na gari zito lina joto zaidi la kutoa kwa diski zilezile. Tulianza kusikia harufu. Baadaye kidogo rafiki yangu alikanyaga pedali ikaenda chini zaidi ya kawaida. Alishusha gia, akaegemeza gari pembeni, tukakaa kimya tukingoja breki zipoe. Hakuna aliyeumia. Lakini nilikuwa nimekaa mbele, na nilikumbuka kila neno nililoandika.

Najua utaniambia nini. "Na nikigonga punda usiku Marsabit?" Kama unaishi Marsabit na unaendesha usiku, weka bampa, nakupa baraka. Kama unavuka Chalbi, beba maji, na mengi. Lakini wewe unaishi Kasarani, manze. Punda wako ni matatu.

Utasema pia pikapu tupu inarukaruka. Kweli. Springi za nyuma zimetengenezwa kubeba takriban tani moja, kwa hivyo bila mzigo ni ngumu. Dawa ni kupunguza upepo kidogo ukiwa nje ya lami na kwenda polepole. Na kama uliongeza majani ya springi ili yabebe vyuma, ukivua vyuma vua na majani.

Anza juu. Kilo moja paani ni mbaya kuliko kilo moja sakafuni, kwa sababu ndiyo inayolaza gari kwenye mteremko wa ubavu. Kisha tazama magurudumu: rimu na tairi nzito hupiga kila shimo kwa nguvu zaidi, na shoki ndizo zinazolipa. Badilisha waya wa winchi uweke kamba maalum ya sintetiki. Ni nyepesi zaidi, na ikikatika haina hasira kama ya chuma. Tafuta mizani ya malori kwenye ghala, upime. Usiguse spea, jeki, mikanda, kizima moto wala chasisi. Kupunguza uzito si kuvua akili.

Kama hutaki kuniamini mimi, tazama Rhino Charge, shindano lililoanza 1989 kuchangisha pesa za ua wa Aberdare. Una saa 10, vituo 13, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Kuna magari pale yaliyokatwa mabodi hadi yakabaki mifupa. Winchi wanazo, kwa sababu wanazitumia. Sijaona wakipanda genge na friji.

Tunaishi kwenye jiji linalotufundisha kwamba kuonekana tayari ni sawa na kuwa tayari. Tunalipia mkopo wa vitu vya safari mpaka tunakosa mafuta ya safari yenyewe. Rafiki yangu ameuza hema na keria. Bampa bado inatafuta mnunuzi, na safari hii tangazo nimeandika mimi, bure: "Inauzwa. Kilo 60. Haijawahi kugonga kitu."