Ndege za Rufiji na Njaa ya Ugogo

Muulize mwanafunzi yeyote wa historia hapa chuoni Vita ya Kwanza ya Dunia ilianzia wapi. Atakujibu Sarajevo kabla hujamaliza swali. Sasa muulize ndege za kivita zilikuja kufanya nini katika nchi yetu kwenye vita hiyo hiyo. Atakuna kichwa. Simlaumu, ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Ila sisi wa ualimu muda si mrefu tutashika chaki, na tukiendelea hivyo hivyo lawama itakuwa yetu.

Habari yenyewe ni hii. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar, kisha ikarudi kujificha kwenye delta ya Rufiji. Mikoko iliificha, na maji yalikuwa na kina kifupi mno kwa meli kubwa za Waingereza kuifuata. Ikabidi watafute macho ya angani. Kwanza walimchukua rubani wa kiraia kutoka Afrika Kusini, Dennis Cutler, na ndege yake ya kutua majini. Aliiona manowari hiyo, lakini Desemba akaangukia mikononi mwa Wajerumani.

Mwaka 1915 kikaja kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza, chini ya John Cull. Ndege zake za mwanzo zilikuwa za mbao na turubai, joto la pwani likazitesa, na injini zikashindwa kuzipandisha juu vya kutosha. Baadaye zikaletwa nyingine, zikarukia uwanja uliotayarishwa kisiwani Mafia. Shambulio la Julai 6 halikumaliza kazi. Julai 11 Cull na mwenzake Arnold walizunguka juu ya delta, wakiziambia kwa redio meli za Severn na Mersey makombora yao yanaangukia wapi. Ndege yao ikapigwa. Ikiwa inashuka, Arnold akaendelea kutuma ishara. Walianguka mtoni wakaokolewa, na Königsberg ikawa imekwisha.

Ni hadithi tamu, hata mimi naipenda. Lakini wengi wanaoisimulia huishia hapo, kana kwamba manowari ilipozama vita nayo ilizama. Kwetu sisi wa bara, sehemu inayotuhusu ndiyo kwanza inaanza.

Wajerumani waliiopoa mizinga yote 10 ya meli ile, ikavutwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam na kutengenezewa magurudumu. Reli ya Kati ilikuwa imeshafika Kigoma, kwa hiyo mzinga mmoja ukapelekwa Ziwa Tanganyika na kufungwa kwenye meli ya Götzen, hii hii tunayoiita Liemba. Mwaka 1916 sauti ya mizinga ya Königsberg ilisikika Kondoa, wakati jeshi la Afrika Kusini lilipokuwa likishuka kuja Dodoma. Mwisho wa Julai mwaka huo Dodoma ikatekwa.

Sasa tujiulize kama walimu. Uwanja wa Mafia haukujifyeka wenyewe. Mzinga wa chuma haupandi mlima kwa miguu yake. Majina ya marubani tunayo, pamoja na tarehe walizoanguka. Wapagazi waliobeba risasi, unga na vipuri tunawakumbuka kwa jina la soko tu: Kariakoo, eneo lililokuwa kambi yao.

Na hapa Ugogo deni lilikuja kulipwa kwa tumbo. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu za kulima. Mvua ilipogoma, maghala yalikuwa matupu. Njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inakadiriwa kuua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000. Yaani mmoja katika kila watano. Tunapita kila siku juu ya ardhi hiyo kwenda kwenye vipindi.

Najua mtu atasema: silabasi ni ndefu, mtihani hauulizi Mtunya. Kweli. Lakini mada ya athari za vita ipo, na tunaijaza kwa pointi za kukariri: watu walikufa, uchumi uliharibika. Mwanafunzi wa Bahi au Chamwino anaandika hayo bila kujua kwamba waliokufa wanaweza kuwa ndugu wa bibi wa bibi yake. Mfano wa nyumbani hauongezi kipindi, unachukua tu nafasi ya mfano wa mbali.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wenzangu wa historia ni dogo. Tukienda mazoezi ya kufundisha, tuanze mada hii Rufiji, tuipandishe kwa reli hadi Dodoma. Halafu tuwape wanafunzi swali moja la kwenda nalo nyumbani: wazee wenu walisimuliwa nini kuhusu Mtunya? Majibu wayaandike daftarini, na majina kama yapo. Marubani walikuwa na watu wa kuwaandikia. Wapagazi na waliokufa njaa wana sisi.