Saratani za watoto: Kipimo cha vinasaba huanzia kwenye kopo la formalini

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MSALATO imezoeleka kutajwa kwa mambo mawili: mnada wake, na uwanja wa ndege wa kimataifa ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi Oktoba 2022. Ni eneo lililo kando ya barabara iendayo Arusha, kilomita zisizozidi 15 kutoka katikati ya Jiji la Dodoma. Mzazi wa hapo ambaye mwanawe ameota uvimbe pajani, shingoni au pembeni mwa jicho, hawezi kusemwa kuwa yuko mbali na huduma. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, nayo ipo.

Swali ni iwapo ukaribu huo unamwezesha mtoto huyo kupata jibu ambalo wenzake wa Ulaya na Marekani hulipata mapema katika matibabu: uvimbe wake ni wa aina inayosikia dawa, au ni ule wenye tabia ya kurudi?

Saratani inayozungumzwa hapa ni rabdomayosakoma, ambayo huanzia kwenye seli zilizopaswa kukua kuwa misuli. Ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za tishu laini kwa watoto, na wengi hupatwa nayo kabla ya kutimiza miaka 10. Kwa miongo mingi wataalamu waliigawa kwa kuitazama kwa darubini tu: aina ya embrionali, ambayo kwa kawaida hutibika vizuri, na ya alveolari, iliyo kali zaidi.

Katika aina ya alveolari, kromosomu namba 2 na namba 13 hukatika na kubadilishana vipande. Mwaka 1993 ilibainika kuwa hapo jeni iitwayo PAX3 huungana na nyingine iitwayo FOXO1, na muungano huo huzaa protini inayoisukuma seli kwenye saratani. Mwaka uliofuata ukagunduliwa muungano wa namna hiyo unaohusisha jeni ya PAX7, kutoka kromosomu namba 1.

Kilichobadili hesabu, hata hivyo, kilikuja baadaye. Takriban mtoto mmoja kati ya watano ambao uvimbe wao huonekana ni wa alveolari hana muungano huo wa jeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kuwa watoto hao mwenendo wao wa kupona hufanana na wa wenzao wenye aina ya embrionali. Kwa maneno mengine, darubini ilikuwa ikiwahukumu kwa sura. Mwaka 2021 ukafuata uchambuzi wa sampuli za wagonjwa 641, uliohusisha Marekani na Uingereza, ambao ulithibitisha alama nyingine mbili za hatari, yaani kasoro katika jeni za TP53 na MYOD1.

Msomaji anaweza kudhani haya ni mambo ya anasa kwa nchi ambayo bado inahangaika na dawa za kawaida. Sivyo. Dawa za msingi za ugonjwa huu, vinkristini, daktinomaisini na saiklofosfamaidi, ni za miaka mingi na si za bei ya kutisha. Kinachoamuliwa na kipimo ni kiasi na muda. Saiklofosfamaidi ikitolewa kwa wingi inaweza kumharibia mtoto uwezo wa kuzaa atakapokuwa mtu mzima. Kumpa dozi kubwa asiyeihitaji ni kumwumiza bure, na kumpa dozi ndogo mwenye muungano wa jeni ni kuukaribisha ugonjwa urudi. Aidha, kitanda kinachokaliwa miezi mingi na mtoto ambaye angeweza kutibiwa kwa muda mfupi, ni kitanda anachokikosa mwingine.

Ni kweli kwamba alama hizo hutabiri vizuri pale tu mgonjwa anapofika mapema na kumaliza matibabu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani katika nchi tajiri hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Lengo la shirika hilo, lililotangazwa 2018, ni angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Pengo hilo halikuletwa na ukosefu wa vipimo vya jeni peke yake. Lakini hoja hiyo isitumike kuahirisha kila kitu.

Kwani mlolongo wa kipimo hiki hauanzii kwenye mashine ya mamilioni, bali kwenye chumba cha upasuaji, pale kipande cha nyama kinapokatwa. Kipande hicho kinatakiwa kutumbukizwa mapema kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa isiwe na tindikali, ambayo ujazo wake ni takriban mara 10 ya ukubwa wa kipande chenyewe. Kikichelewa kuwekwa, kikibanwa kwenye kopo dogo, au kikiachwa humo kwa wiki kadhaa kikisubiri usafiri, vinasaba huvunjikavunjika. Hapo hata maabara bora duniani itarudisha jibu lisilosomeka.

Hatua ya pili nayo haihitaji makubwa. Zipo kingamwili za kupaka kwenye kipande hicho ili kuonesha protini iitwayo miojenini. Ikijitokeza kwa nguvu karibu katika seli zote, mwanapatholojia ana sababu ya kushuku muungano wa PAX na FOXO1. Ikijitokeza hapa na pale, shaka hupungua. Si jibu la mwisho, ila humwambia daktari ni sampuli zipi za kupeleka mbele kwanza. Kuthibitisha hufanywa kwa PCR, teknolojia ambayo wananchi waliizoea wakati wa UVIKO-19.

Uwezo wa kitaalamu nchini umeanza kuonekana. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Hospitali ya KCMC ya Moshi vimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na Hospitali ya Lacor ya Uganda katika mradi wa AI-REAL, unaotafuta vinasaba vya saratani ya tezi kwenye damu ya watoto na vijana. Saratani ya tezi si ya tishu laini, lakini ujuzi wa maabara unaohitajika ni wa jamii moja.

Umbali nao umepungua kuwa kisingizio. Tangu Julai 2024, treni ya umeme inakwenda kati ya Dodoma na Dar es Salaam kwa saa chache, na kipande kilichokwisha kugandishwa ndani ya nta hakihitaji jokofu njiani. Kinachotakiwa ni maabara moja ya kitaifa iliyokabidhiwa jukumu hilo rasmi, ikiwa na siku maalumu za kurejesha majibu, na mtu anayejulikana wa kulipia.

Hilo la kulipia liko karibu na Msalato kuliko Muhimbili. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulipitishwa na Bunge Novemba 2023, hapa hapa Dodoma. Waheshimiwa watakapokaa tena kuchambua bajeti ya Wizara ya Afya, wanaweza kuuliza: kingamwili za miojenini na PCR ya FOXO1 kwa ajili ya watoto, zimo katika fungu lipi?