MAONI: Tineja akibisha hodi bila kinyago, mpe peremende tu

TUSEME ni saa mbili usiku, Oktoba 31, na wewe uko Minneapolis au Dallas kwa shangazi yako. Ulitua Marekani juzijuzi tu kwa ajili ya masomo. Shangazi ameenda kazini zamu ya usiku, akakuachia bakuli la peremende na agizo moja: watoto wakibisha, wape.

Wamekuja malaika wadogo, simba na maharamia. Kuna mmoja alikuja amevaa kama boga, ukacheka mpaka machozi. Kisha kengele inalia tena. Ukifungua, unakutana na majamaa watatu warefu kama mlango. Jinzi, hudi, raba. Hakuna kinyago, hakuna mabawa, hakuna chochote. Mmoja ameshika foronya ya mto badala ya mfuko. Anatamka yale maneno ya siku hiyo kwa sauti inayokatikakatika, ile sauti ya mvulana anayebaleghe.

Utafanya nini?

Najua jibu ambalo wengi wenu mtatoa, maana hata Wamarekani wenyewe hubishana kuhusu jambo hili kila mwaka. "Hawa si watoto. Hawakujisumbua hata kuvaa. Wanataka tu vya bure." Kisha mlango unafungwa.

Mimi nasema wape. Na sisemi hivyo kwa sababu ya huruma tu.

Kwanza tuelewane kuhusu siku yenyewe. Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Watoto huvaa mavazi ya kujigeuza, wakapita nyumba kwa nyumba wakisema maneno yenye maana ya "nipe kitu kitamu la sivyo nitakufanyia utundu". Kuna kanuni moja ambayo kila mtaa unaielewa bila kuandikiwa: taa ya barazani ikiwaka, karibu, ikizimwa, pita uende zako. Hakuna anayelazimishwa.

Sasa wale wanaosema sherehe hii ni ya watoto wadogo peke yao hawajaangalia ilikotoka. Huko Ireland na Uskoti, waliokuwa wakijifunika nyuso na kuzunguka mitaani walikuwa watoto na vijana pia. Waliimba au kukariri shairi mlangoni, wakapewa matofaa, njugu au chakula. Wahamiaji kutoka huko walibeba desturi hizo hadi Amerika Kaskazini katika karne ya 19. Kufikia miaka ya 1920 na 1930, utundu wa usiku huo ulikuwa umezidi katika miji mingi: malango yanang'olewa, madirisha yanavunjwa, mali inaharibiwa. Watu wazima walitafuta njia ya kuwatuliza vijana. Wakaandaa karamu, wakaanza kuwapa vitu vitamu mlangoni. Vita Vikuu vya Pili vilipoleta mgao wa sukari, mambo yakapoa. Vita vilipoisha na sukari ikarudi madukani, desturi ikarudi kwa kishindo.

Ebu jiulize, ni nani aliyekuwa aking'oa malango? Si mtoto wa miaka mitano. Peremende za Halloween zilienea kama mapatano kati ya wenye nyumba na vijana wakubwa: sisi tutawapa, nanyi mtatuachia madirisha yetu. Kwa hivyo tineja anayebisha hodi hajavamia sherehe ya wenyewe. Yeye ni mmoja wa waliofanya mapatano hayo yawepo.

"Sawa, lakini si angevaa basi?"

Hoja hii ina uzito kidogo, sitakudanganya. Kuvaa ni sehemu ya raha, na mtoto aliyeshinda akishona mkia wa simba anastahili sifa. Lakini wewe uliyesimama mlangoni unajua nini kuhusu huyu asiyevaa? Mavazi ya dukani yanauzwa kwa pesa, na kuna nyumba ambazo dola ishirini au thelathini za nguo ya usiku mmoja hazipo. Kuna tineja aliyetoka kazini moja kwa moja, kwa kuwa huko wengi wa umri wake hufanya kazi baada ya shule. Kuna mwenye usonji asiyevumilia kitambaa kigeni kikimgusa ngozi. Kuna aliyeambiwa na mama yake ampeleke mdogo wake mtaani, na sasa anaona aibu kukiri kwamba naye angependa peremende. Na kuna aliyehamia kutoka Nairobi au Eldoret mwaka huu huu, ambaye hajui wenzake huvaa nini, na anaogopa kuvaa vibaya achekwe shuleni mwezi mzima.

Wote hawa wakisimama mbele yako wanafanana. Huwezi kumjua mtu kwa sekunde kumi. Basi kwa nini umhukumu kwa sekunde kumi?

Tena fikiria umri huo wa miaka kumi na minne, kumi na mitano. Ukicheza unaambiwa umekua. Ukitoa maoni unaambiwa wewe bado mtoto. Sote tumepitia hapo. Kavazi ka kuchekesha ni mzigo mzito kwa mtu anayeamka kila asubuhi akiogopa jinsi mwili wake unavyoonekana. Wengine huacha kuvaa kwa sababu hiyo tu, lakini bado hawajawa tayari kuiacha sherehe. Wanataka mwaka mmoja zaidi. Peremende mbili ni bei ndogo sana ya kumpa mtu mwaka mmoja zaidi wa utoto.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, maana jambo lenyewe ni kubwa kuliko peremende.

Unajua makanga wa matatu anavyoamua mtoto atalipa nauli au atapakatwa? Haulizi cheti cha kuzaliwa. Anaangalia urefu. Ukiwa na miaka minane na umerithi miguu ya babu yako, wewe ni abiria kamili. Kwenye matatu tunacheka. Kwingine mtindo huo huo wa kupima umri kwa macho haucheshi.

Mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown kule Washington walionyesha kwamba watu wazima Marekani huwaona wasichana weusi kuwa na mambo ya kikubwa na kuhitaji ulinzi mdogo kuliko wasichana weupe wa umri ule ule. Sasa mweke binamu yako hapo. Ana miaka kumi na mitatu, mrefu, mweusi, amevaa hudi, anabisha mlango wa mtu asiyemjua usiku. Anayefungua anaona nini? Mtoto, au tishio?

Sizungumzii mambo ya kubuni. Oktoba 1992, kijana Mjapani kwa jina Yoshihiro Hattori, mwanafunzi wa kubadilishana mwenye umri wa miaka 16, alikuwa akienda kwenye karamu ya Halloween huko Baton Rouge, Louisiana. Alikosea nyumba. Mwenye nyumba akampiga risasi, akafa. Mwaka uliofuata, baraza la mahakama likamwachilia aliyefyatua. Na Hattori alikuwa amevaa mavazi ya sherehe, suti nyeupe. Aprili 2023, huko Kansas City, Missouri, Ralph Yarl, naye wa miaka 16, kijana mweusi ambaye familia yake ina asili ya Liberia, alitumwa kuwachukua wadogo zake. Alibonyeza kengele ya nyumba isiyo yenyewe, akapigwa risasi kichwani. Alipona kwa neema tu.

Sisemi kwamba kila anayemnyima tineja peremende ana bunduki nyuma ya mlango. Hapana. Nasema kwamba mawazo huanza mbali. Yanaanza na "huyu ni mkubwa mno", yanaenda kwa "huyu anataka nini hapa", na baadhi ya watu hawaishii hapo. Jirani aliyemzoea kijana kama mtoto wa mtaa, aliyempa peremende na kumuuliza anasoma shule gani, hatamuogopa siku nyingine akimwona anapita usiku.

Kuna miji iliyochagua njia nyingine. Chesapeake, Virginia, ulikuwa na sheria ya tangu 1970 iliyomfanya yeyote aliyezidi miaka 12 kuwa mkosaji akipita nyumba kwa nyumba siku hiyo, na adhabu yake ilifika hadi kifungo cha miezi sita jela. Mwaka wa 2019 baraza la mji likaondoa kifungo na kupandisha umri hadi 14. Bathurst, mji wa New Brunswick kule Canada, nao uliwahi kuweka kikomo cha miaka 16. Jela kwa ajili ya peremende! Mtu mwenye wasiwasi na vijana usiku angefurahi kwamba wamechagua kubisha hodi na kusema asante. Umri huo una mambo mengi mabaya zaidi ya kufanya Oktoba 31.

Usidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Hapa kwetu, Mombasa na Lamu, watoto hupita siku ya Idi wakiwaamkia wakubwa na kupewa mkono wa Idi. Kila familia huwa na yule kijana ambaye mwaka jana alipewa na mwaka huu anaambiwa, "Wewe si mkubwa sasa?" Anatabasamu, anarudi nyuma, lakini ukimtazama vizuri utaona limemuuma. Na vijana wanne wakikaa ukutani mtaani, ni nani kati yetu hajasikia wakiitwa wahuni kabla hata ya kujulikana wanachozungumza? Tunawavua watu utoto kwa haraka, kisha tunashangaa kwa nini hawatuheshimu.

Wapo watakaosema imani yao haiwaruhusu kushiriki Halloween. Hilo naliheshimu kabisa. Zima taa ya baraza, hakuna atakayekulaumu. Hali kadhalika ukiwa peke yako na unahisi uoga: zima taa, funga mlango, lala. Usalama wako kwanza. Ninachokataa ni kuwasha taa, kukaribisha mtaa mzima, halafu kuanza kuchagua nani ni mtoto wa kutosha.

Na kama unahofia peremende zitaisha kabla ya wadogo kufika, dawa ni rahisi. Shika bakuli mwenyewe, gawa mbilimbili, mkubwa kwa mdogo sawa. Anayetaka kuchota kwa mikono miwili mwambie hapana, kama ambavyo ungemwambia wa miaka sita.

Nanyi matineja, msidhani nimewasahau. Mkono unaopokea nao una adabu zake. Wapisheni wadogo mbele. Msiwasukume wala kuwatisha. Gongeni nyumba zenye taa pekee, na mwisho wenu uwe saa mbili na nusu au tatu, watu wanalala. Salimuni. Semeni asante. Na kama mnaweza kupaka masizi usoni au kuvaa kofia ya ajabu, fanyeni hivyo, si kwa kuwa mnadaiwa, bali kwa kuwa itamfurahisha aliyenunua peremende kwa pesa zake. Pia itamwondolea wasiwasi, na hilo linawafaa nyinyi zaidi kuliko yeye.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakuongeza kwamba kutoa kuna urefu wake.

Kwa hivyo rudi pale mlangoni kwa shangazi. Majamaa watatu bado wamesimama, yule wa foronya ameanza kutazama viatu vyake, maana umekawia na ameshazoea kukataliwa. Wape mbilimbili. Waulize wanasoma shule gani na kama wanacheza mpira. Wakicheka, cheka nao. Bakuli likiisha, zima taa ulale.