Motokaa ya Kitaliano na Njia ya Griftu

Ni desturi ya vijana kubishana, na ubishi si jambo baya ikiwa nia yake ni kutafuta ukweli. Ubishi mmoja nimeusikia mara nyingi katika mabaraza ya Wajir na chini ya vivuli vya maduka ya Griftu, nao ni huu: Je, inafaa mtu kununua motokaa ya Kitaliano kwa sababu ya uzuri wa umbo lake, hali anajua ya kuwa huenda ikamwacha njiani? Upande mmoja husema inafaa, kwani maisha pasipo uzuri ni chakula pasipo chumvi. Upande wa pili husema haifai, kwani uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi nasema ya kuwa pande zote mbili zimekosa shabaha, ila upande mmoja hukosa kwa hatari kubwa kuliko mwenzake.

Nianze na hao wanaoutumia mkakasi kama fimbo ya kumpigia kila kitu kizuri. Hudhani ya kuwa uzuri na uimara ni maadui, na ya kuwa mahali ukaapo mmoja, mwingine hufukuzwa. Kama maneno yao ni kweli, basi na watueleze habari ya Peugeot 404. Motokaa hiyo iliundwa Ufaransa, lakini umbo lake lilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya mji wa Turin, nchini Italia. Ni nani katika Afrika ya Mashariki asiyejua sifa zake? Ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, ikashinda tena mwaka 1966, na 1967, na 1968. Mwaka huo wa 1968 zilianza motokaa 93, mvua ikanyesha, njia zikageuka matope, na zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Ya kwanza kati ya hizo saba ilikuwa 404. Basi huo ulikuwa uzuri wa Kitaliano, nao haukuzama katika tope.

Tena tutazame mwaka 1975. Mshindi wa Safari alikuwa Ove Andersson katika Peugeot 504, motokaa nyingine iliyochorwa na Pininfarina, ambayo kwa miaka mingi ilibeba abiria wa Kenya kutoka mji hadi mji. Wa pili alikuwa Sandro Munari katika Lancia Stratos, motokaa iliyochorwa na nyumba ya Bertone ya Turin hiyo hiyo. Uzuri wa aina mbili ulitoka katika mji mmoja, ukakutana katika vumbi la Kenya. Mmoja ulikuwa wa mbio na wa kuvutia macho. Mwingine ulikuwa wa kazi na wa kila siku. Ule wa kazi ulitangulia. Lakini nani atathubutu kusema ya kuwa 504 ilishinda kwa sababu ilikuwa mbaya?

Wala haifai kusema ya kuwa Waitaliano hawajui kuunda kitu cha kudumu. Ndugu zetu wa Somalia na wa Uhabeshi waliyajua malori ya Fiat 682, yaliyoanza kuundwa mwaka 1952. Malori hayo yalipanda milima na kukata majangwa yakiwa yamebeba mizigo ambayo mwenye huruma asingempakia mnyama. Yalitoka Italia, kama vile motokaa nyekundu ya kifahari inavyotoka. Basi kama kosa lingekuwa katika damu ya taifa, malori yale yangelirithi. Hayakurithi. Kwa hiyo na tuache kuwatukana watu wa nchi moja, tuitafute sababu mahali pake.

Sababu, kwa maoni yangu, ni hii: uaminifu wa motokaa haukai katika chuma chake peke yake. Hukaa pia katika umbali ulioko baina ya motokaa na kipuri chake, na baina ya motokaa na fundi aijuaye. Lori la Fiat liliaminika kwa sababu fundi wake alikuwapo katika miji ya njia yake, na kipuri chake kilikuwapo, kama si kipya basi cha lori lililokufa. Motokaa ile ile, ukiipeleka mahali pasipo na fundi wala kipuri, hugeuka mgeni asiyejua lugha ya wenyeji: akiugua hawezi kusema ni wapi panapomuuma, na wanaomzunguka hawana dawa yake.

Ushahidi wa neno hili ulitolewa na Lancia wenyewe. Walikuja Safari mwaka baada ya mwaka, wakashindwa. Mwaka 1988 Miki Biasion aliwashindia kwa Lancia Delta Integrale, akarudia mwaka 1989, na mwaka 1991 Juha Kankkunen akaishinda tena kwa motokaa ya aina hiyo. Je, motokaa ile ilishinda peke yake? Sivyo. Nyuma yake walikuwako mafundi, magari ya msaada, vipuri vya kila namna, na helikopta angani. Kifaa kikivunjika, kingine kilikuwa karibu. Sasa mimi namwuliza kijana anayetamani motokaa ya namna hiyo: Helikopta yako iko wapi? Na mafundi wako wamelala mji gani?

Hapo ndipo ninapouachia mkono upande wa kwanza, yaani wapenda uzuri. Hao hukosa kwa hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hubishana kana kwamba njia zote ni njia moja. Anayekaa Nairobi, gereji yake ikiwa mtaa wa pili na basi likipita mlangoni pake, anaweza kuimudu motokaa yenye deko. Ikimgomea asubuhi, hasara yake ni nauli na aibu kidogo. Lakini Griftu si Nairobi. Griftu iko magharibi ya mji wa Wajir, katika wilaya ya zamani ambayo leo ni kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 55,000, na kutoka Wajir mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 600. Jua lake ni kali, vumbi lake ni laini hupenya kila upenyo, na maji ya visima vingi vya Wajir yana chumvi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyotumika ikiwa umri wake umepita miaka 8, na nyingi ya hizo hutoka Japani, ambako motokaa za Kitaliano ni chache. Basi zilizo chache huko huwa chache zaidi Nairobi, na huwa moja tu Griftu. Na kitu kikiwa kimoja tu, hakina ndugu wa kumwazima kiungo.

Funzo hili nililipata kwa mwili wangu. Kiangazi kimoja nilipanda motokaa ya jamaa yangu mfanya biashara kutoka Wajir kwenda Griftu. Ilikuwa ya Kitaliano, nyekundu, tumbo lake karibu na ardhi kama mjusi, na viti vyake vilinukia ngozi. Watoto waliikimbilia kila tulipopita. Mwenyewe alijaa furaha, nami sikumwonea kijicho, maana ilikuwa nzuri kweli. Nyuma alikaa mama mmoja mzee, jirani yetu, aliyekuwa ametoka hospitali, pamoja na binti yake.

Kabla hatujafika nusu ya safari, mshale wa joto ulipanda. Tulisimama tukafungua boneti. Ukoko mweupe wa maji ya chumvi ulikuwa umeziba sehemu ya rejeta, na kidude cha umeme kisichozidi kidole gumba, ambacho kazi yake ni kuiamuru feni izunguke, kilikuwa kimekufa. Maji tuliyokuwa nayo yalikuwa dumu moja la lita kumi. Jamaa yangu alisimama na dumu mkononi, akautazama mdomo wa rejeta, kisha akamtazama mama yule, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kukauka. Ni mtu mwema. Dumu aliliweka miguuni pa mama. Tukakaa chini ya mgunga mpaka jua likazama, mpaka usiku ukaingia, ndipo lilipotokea lori la mifugo, limechakaa rangi, taa yake moja haiwaki. Likatuchukua sote. Mama alifika kwake salama, lakini salama yake haikuwa kazi ya motokaa ile nzuri.

Kidude kile kilitafutwa Wajir, kikakosekana. Kikatafutwa Garissa, kikakosekana. Huko Nairobi wakasema kitaagizwa ng'ambo. Wiki saba motokaa ilikaa pale pale, na mbuzi wakaifanya kivuli. Jamaa yangu alipozungumza nami baadaye alisema, "Mwalimu, mimi nilidhani nimenunua motokaa, kumbe nimenunua picha."

Najua jibu litakalotolewa. Kijana atasema: "Fedha ni zake, motokaa ni yake, hasara ni yake. Wengine yawahusu nini?" Jibu hili huonekana kuwa na nguvu, lakini ni dhaifu. Katika nchi ambayo magari ni machache na hospitali ziko mbali, motokaa haina mwenyewe mmoja. Kadi huandikwa jina la mtu mmoja, lakini mzazi akishikwa na uchungu usiku, mlango unaobishwa ni wa mwenye motokaa. Mtoto akiumwa na nyoka, hubishwa mlango ule ule. Yeye hawezi kusema, "Motokaa yangu ni ya kutazamwa tu." Siku aliyoinunua aliwapa jirani zake tumaini, hata kama hakutamka neno. Na tumaini lisilotimizwa ni baya kuliko kukosa tumaini, kwa sababu ambaye hana tumaini hutafuta njia nyingine mapema, lakini mwenye tumaini hungoja.

Wengine watasema ya kuwa motokaa za Kitaliano za siku hizi si zile za miaka ya 1970, zilizosifika kwa kutu. Nakubali, kila taifa hujifunza. Lakini hata ubora ukizidi mara kumi, umbali wa kipuri haupungui hata hatua moja. Kitu kinachoharibika mara chache na kutengenezwa baada ya wiki saba ni kibaya, kwa njia ya Griftu, kuliko kinachoharibika mara nyingi na kutengenezwa kabla ya adhuhuri. Hii ndiyo hesabu ambayo wapenda uzuri hawaifanyi. Huuliza, "Itaharibika lini?" Hawaulizi, "Ikiharibika, nitangoja mpaka lini?"

Wazee wetu wa Griftu hawana haja ya kufundishwa hesabu hii, kwa kuwa waliijua kwa ngamia. Hapana watu wanaousifu uzuri wa ngamia kuliko wafugaji wake. Huutazama kwa furaha, huuzungumza jioni, huutungia maneno. Lakini uzuri wanaousifu ni nini? Ni nundu iliyojaa, ni kifua kipana, ni mguu usiochoka, ni chuchu zenye maziwa wakati wa ukame. Hapana mfugaji anayenunua ngamia kwa kope zake peke yake, ingawa kope za ngamia ni nzuri mno. Kwao uzuri na manufaa havikutengana, kama vile havikutengana katika 404 iliyochorwa Turin.

Basi, msomaji kijana, sikuambii uuchukie uzuri. Anayeuchukia uzuri hujinyima zawadi kubwa ya akili na macho. Wala sikuambii umdharau Mtaliano. Mikono yake imechora magari yaliyotubeba sisi na baba zetu. Neno langu ni hili tu: anayekuambia ya kuwa lazima ulipe uzuri kwa kulala njiani, anakudanganya, na barabara za Kenya zimekwisha kumkanusha tangu mwaka 1963. Utakapokuwa na kazi na fedha, na siku ya kununua motokaa ikafika, itazame umbo lake kwa macho yote mawili. Kisha funga macho, uulize maswali matatu. Fundi wake ni nani, naye anakaa wapi? Kipuri chake kiko umbali gani? Na usiku ule mlango wangu utakapobishwa, nitamjibu nini aliyebisha?

Ukipata majibu mema kwa yote matatu, nunua, hata ikiwa ya Kitaliano, hata ikiwa nyekundu. Ukikosa hata moja, na uko Griftu, iache motokaa hiyo dukani. Uzuri wake hautapungua kwa kuwa hukuununua, na jirani zako hawatalala njiani kwa ajili yako.